Kadi inasema asilimia 6, mbona inayorudi ni kidogo? Jibu kwa dada wa Mwanga, Kigoma

SWALI: Ninafanya biashara ya mawese na dagaa hapa Mwanga, Kigoma. Mdogo wangu yuko Columbus, Ohio, na ana kadi ya mkopo ya American Express iitwayo Blue Cash Preferred. Aliniambia inamrudishia asilimia 6 ya pesa anayonunulia chakula, tukakubaliana kinachorudi kiwe cha bati za nyumba ya mama, Ujiji. Kwa mdomo wake mwenyewe anasema chakula kinamla dola 900 kwa mwezi. Nikapiga hesabu, nikapata dola 54. Yeye kila mwezi ananiambia imerudi dola 18. Nilipombana akanitumia matumizi yake ya mwezi mmoja: Kroger dola 180, Walmart na Sam's Club dola 480, migahawa dola 240. Je, kuna kitu ananificha? Na sasa anataka kunitumia dola 300 za bati kwa kadi hiyohiyo, anasema nazo zitarudisha kitu. Nimkubalie?

JIBU: Dada, mdogo wako hakufichi kitu. Nimechukua matumizi uliyoniandikia nikayapiga hesabu kwa masharti ya kadi yake, yamekuja dola 18 kamili, bila senti kuzidi wala kupungua. Hili nimelitanguliza kwa sababu naona swali lako si la pesa peke yake, na sipendi ulale na shaka juu ya ndugu yako hata usiku mmoja zaidi.

Kosa liko kwenye ile dola 54, na wanaolifanya ni wengi, hata waliozaliwa hukohuko Marekani. Wanadhani kadi inaangalia mtu amenunua nini. Kadi haioni kilichomo kwenye mfuko. Inaangalia duka.

Iko hivi. Mfanyabiashara anapopewa mashine ya kuswaipu, benki inayompa humsajili chini ya aina moja ya biashara, na kila aina ina namba yake ya tarakimu nne. Utaratibu huu ni wa kimataifa. Supamaketi na maduka makubwa ya vyakula ni 5411. Migahawa ni 5812, na ile ya chakula cha haraka ni 5814. Kituo cha mafuta ni 5541, duka la dawa ni 5912. Mdogo wako akiswaipu, kinachomfikia mtoaji wa kadi kwa kawaida ni jina la duka, mahali lilipo, kiasi, tarehe na ile namba. Orodha ya mchele, maziwa na kuku haifiki. Mtoaji wa kadi anasoma namba, na pale inapobidi jina la duka, kisha anaamua: huyu apewe asilimia 6, yule apewe 1.

Wewe ni mfanyabiashara, hili litakukaa haraka. Fikiria duka pale Mwanga ambalo mwenyewe alianza na misumari na rangi, akasajili mashine yake kama duka la vifaa vya ujenzi, halafu baadaye akaongeza unga, sukari na sabuni. Ukienda kununua unga kwa kadi, benki itasoma vifaa vya ujenzi. Si kwamba muuzaji amekosea wala kwamba wewe umedanganya. Ni usajili tu. Na mteja hana njia ya kuubadilisha, kwa kuwa ni jambo kati ya mwenye duka na benki yake.

Sasa tuje kwenye kadi ya mdogo wako. Inarudisha asilimia 6 kwa manunuzi ya supamaketi zilizoko Marekani, na mkataba wake unasema wazi kwamba maduka makubwa yanayouza kila kitu na maduka ya jumla ya wanachama hayahesabiwi kuwa supamaketi. Walmart ni la aina ya kwanza, Sam's Club ni la aina ya pili. Hata akitoka Walmart amebeba vyakula vitupu, kwa kadi hii atapata asilimia 1. Migahawa nayo haimo kwenye kundi lolote la nyongeza la kadi hii, kwa hiyo ni asilimia 1 vilevile. Kroger ni supamaketi hasa, tena makao yake makuu yako Cincinnati, hukohuko Ohio.

Piga nami. Kroger dola 180 kwa asilimia 6 ni dola 10.80. Walmart na Sam's Club dola 480 kwa asilimia 1 ni dola 4.80. Migahawa dola 240 kwa asilimia 1 ni dola 2.40. Jumla dola 18.

Kuna jambo jingine ambalo kwa mtu wa Kigoma aliyeko ugenini lina uzito wake. Unga wa muhogo, dagaa, mawese, samaki wa kukaushwa, vitu hivi huwa havipatikani Kroger kirahisi. Mtu huvifuata kwenye maduka madogo ya Waafrika. Maduka hayo kila moja limesajiliwa kivyake: moja litasomeka kama duka la vyakula, jingine kama duka la vyakula maalumu, jingine kama duka la bidhaa mchanganyiko, na lile lililo ndani ya kituo cha mafuta litasomeka kama mafuta. Kujua kabla ni vigumu. Anunue kitu kidogo mara ya kwanza, asubiri siku chache hadi malipo yaonekane kwenye programu ya simu ya kadi, aone yamewekwa kundi gani. Likisomeka supamaketi, vizuri. Lisiposomeka, bado aende akanunue dagaa wake. Asiache kula chakula cha kwao kwa ajili ya tofauti ya asilimia 5 kati ya 6 na 1, ambayo kwa dola 20 ni dola moja.

Hata hivyo, ngoja nikuambie jambo ambalo nadhani hakuna aliyewaeleza nyinyi wawili. Zile dola 54 zisingepatikana hata kama kila senti ya chakula angeipeleka Kroger. Asilimia 6 ina ukomo: inahesabiwa kwa dola 6,000 za kwanza za supamaketi katika mwaka. Ukizigawa kwa miezi 12 unapata dola 500 kwa mwezi. Kinachozidi hapo kinarudi kwa asilimia 1. Kwa hiyo dola 900 zote zikienda Kroger, 500 zinarudisha dola 30 na 400 zilizobaki zinarudisha dola 4. Ni dola 34. Halafu kadi hii ina ada ya mwaka ya dola 95, karibu dola 8 kwa mwezi. Toa hizo, unabaki na dola 26 hivi. Hapo ndipo mwisho wake.

Ada hiyo ndiyo inayonisumbua katika habari yako, na naomba umsomee mdogo wako sehemu hii polepole. Dola 18 kwa mwezi ni dola 216 kwa mwaka. Toa ada ya dola 95, kinachobaki mkononi ni dola 121. Ina maana kila mwezi kadi inampa faida ya dola 10 na senti kidogo, wakati nyinyi mnaandika 18 kwenye daftari la bati.

Sasa linganisha. Marekani kuna kadi zisizo na makundi kabisa, zinarudisha asilimia 2 kwa kila kitu na hazina ada ya mwaka. Citi Double Cash ni mojawapo, Wells Fargo Active Cash ni nyingine. Dola 900 kwa asilimia 2 ni dola 18. Ndiyo, dola 18 zilezile, dola 216 zilezile kwa mwaka, ila hakuna anayekata 95. Mdogo wako analipa dola 95 kila mwaka ili apate kile ambacho angekipata bure. Hata kadi ndogo ya American Express yenyewe, Blue Cash Everyday, ambayo inarudisha asilimia 3 tu supamaketi na haina ada, ingemwachia dola 12.60 kwa mwezi kwa matumizi haya haya, yaani dola 151 kwa mwaka. Asilimia 3 ya bure imeishinda asilimia 6 ya kulipia, kwa sababu hanunui vya kutosha mahali penye hiyo 6.

Sisemi kadi yake ni mbaya. Kwa familia yenye watoto wanne inayonunua kila kitu supamaketi, ni kadi nzuri sana. Mdogo wako, kwa matumizi ya dola 900, ili aishinde ile kadi ya asilimia 2 inabidi apeleke dola 340 hivi kwa mwezi kwenye supamaketi halisi, badala ya 180. Anaweza kuhamisha manunuzi kutoka Walmart kwenda Kroger, lakini aangalie bei kwanza. Kama kilo ya nyama ni ghali zaidi kwa asilimia 8 huko anakohamia, ile nyongeza ya asilimia 5 imemtoa hasara. Mtu anayefuata asilimia bila kutazama bei anaweza kumaliza mwaka ametumia zaidi na kurudishiwa zaidi, na mfuko wake umepungua.

Utauliza pesa hii inatoka wapi, maana hakuna benki inayogawa hela kwa upendo. Inatoka kwa mwenye duka. Kila ukiswaipu kadi ya mkopo Marekani, mwenye duka hukatwa sehemu ya mauzo, mara nyingi kati ya asilimia 1.5 na 3.5, na sehemu ya makato hayo ndiyo humrudia mteja. Kadi za kawaida za kutolea pesa kwenye ATM hazina ukarimu huo kwa sababu mwaka 2011 Marekani iliwekea benki kubwa ukomo wa makato ya kadi hizo, senti 21 na asilimia 0.05 ya malipo kwa kila muamala, pamoja na nyongeza ndogo ya senti moja ya kupambana na wizi. Kisichokatwa hakigawiki. Mahali ambapo kadi inatoa asilimia 5 au 6, yaani zaidi ya inachokata dukani, kampuni inatoa mfukoni ili ikuzoeshe kadi yake, na inafidia kwa ada, kwa ukomo, na kwa wateja wanaochelewa kulipa.

Hao wanaochelewa ndio wanaolisha mfumo mzima. Muulize mdogo wako swali moja bila kuzunguka: kila mwezi analipa deni lote la kadi, au analipa kile kiwango cha chini kinachoandikwa kwenye taarifa? Riba ya kadi za mkopo Marekani miaka hii imekuwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Akibeba deni la dola 900 kwa mwezi mmoja, kwa asilimia 20 riba ni dola 15. Dola 18 zimerudi, 15 zimeondoka, na bado hujagusa ada. Akibeba dola 2,000, riba inazidi dola 33 na hesabu nzima imegeuka. Kama analipa kiwango cha chini tu, sahauni kabisa habari za makundi na asilimia mpaka deni liishe. Hapo naongea kwa msisitizo, dada, kwa sababu nimeona watu wazuri na wachapakazi wakijipongeza kwa pesa inayorudi huku deni likiwapanda mabegani.

Dola 300 za bati: hapana, usimkubalie atume kwa kadi ya mkopo. Kutuma pesa si manunuzi. Watoaji wengi wa kadi huhesabu malipo ya kampuni za kutuma pesa kama kuchukua fedha taslimu kwenye kadi, na hapo mambo matatu hutokea kwa pamoja. Hakuna kinachorudi. Inakatwa ada, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 ya kiasi au dola 10, kutegemea ipi ni kubwa, hivyo kwa dola 300 ni dola 15. Na riba inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, bila ule muda wa neema, yaani siku za kulipa bila riba, unaopewa manunuzi ya dukani. Juu ya hayo, kampuni ya kutuma pesa yenyewe inaweza kutoza zaidi anayelipa kwa kadi ya mkopo. Dola 15 ni karibu faida ya mwezi mmoja na nusu ya kadi yake baada ya ada. Atume kutoka akaunti yake ya benki. Siku hizi pesa inaingia moja kwa moja kwenye M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas, na cha kulinganisha ni vitu viwili kwa pamoja: ada, na kiwango watakachombadilishia dola kuwa shilingi. Inayotangaza kutuma bure mara nyingi inajilipa kwenye kiwango. Aingize dola 300 kwenye programu mbili au tatu na atazame ni ipi inayoonyesha shilingi nyingi zaidi zitakazokufikia wewe.

Kwa sababu hiyohiyo, msitumiane dola 18 kila mwezi. Ada ya kutuma kiasi kidogo inakula sehemu kubwa. Zikusanyike miezi mitatu au minne, zitumwe mara moja pamoja na pesa nyingine.

Nikukumbushe pia kwamba kwa kadi hii pesa inayorudi kwa kawaida haimfikii mkononi. Inapunguzwa kwenye deni la kadi. Kwa hiyo anapokutumia dola 18 anazitoa kwenye mshahara wake, kisha mwezi huo analipa deni lililopungua kwa dola 18. Kwa hesabu ni kitu kimoja, lakini ni vema ukajua, ili mwezi ambao mshahara umebana usidhani kuna hela imekaa mahali inasubiri na yeye anaizuia. Na bidhaa akirudisha dukani, kile kilichokuwa kimerudi kwa bidhaa hiyo kinatolewa pia. Mwezi mmoja ukiwa mdogo kuliko mwingine, huenda ni hilo tu.

Akija likizo Kigoma, kadi hii aiache mfukoni. Kundi la supamaketi ni la Marekani peke yake, na kwa malipo ya nje ya Marekani inakatwa ada ya karibu asilimia 3 ya kila malipo. Anarudishiwa 1 na anakatwa karibu 3.

Huenda baada ya kusoma haya akataka kuongeza kadi ya makundi yanayobadilika, maana matangazo yake yanavutia. Discover it Cash Back na Chase Freedom Flex ziko hivyo: asilimia 5 kwa makundi yanayotangazwa upya kila robo ya mwaka, leo supamaketi, kesho mafuta au migahawa. Ukomo ni dola 1,500 za manunuzi kwa robo, kwa hiyo kinachorudi kwa asilimia 5 hakivuki dola 75 kwa miezi mitatu. Na kila robo lazima mwenye kadi ajiandikishe upya kwenye programu. Asipojiandikisha, anapata asilimia 1 hata akinunua ndani ya kundi lenyewe. Kwa mtu makini anayependa kufuatilia, ni pesa halali. Kwa mtu anayefanya kazi za zamu mbili, mimi ningemshauri kadi moja ya asilimia 2 na akili yake ipumzike.

Kuhusu kuhakiki, usimwombe picha ya kadi, na yeye asikutumie kwa WhatsApp hata kama mnaaminiana. Namba zilizo juu yake zinatosha mtu mwingine kununulia vitu. Anachoweza kukuonyesha ni ukurasa wa programu unaotaja kila duka na kiasi kilichorudi kwa duka hilo. Bora zaidi, muwe mnaupitia pamoja kwa simu ya video mara moja kila robo, siku ya kutuma hela. Itakuwa mazungumzo ya watu wawili wanaojenga nyumba moja, na si ya mtu anayemkagua mwenzake. Na kwa kuwa ulishambana mara moja, mpigie umwambie hesabu yake ilikuwa sawa.

Kisha atazame ada ya dola 95 inakatwa mwezi gani. Kabla ya tarehe hiyo apige namba iliyo nyuma ya kadi, aombe kubadilishiwa iwe Blue Cash Everyday isiyo na ada. Kubadilisha ni bora kuliko kufunga, kwa sababu kufunga kadi kunaweza kushusha alama zake za ukopaji, zile ambazo wakopeshaji huzitazama kupima kama mtu ni mlipaji mzuri, na atazihitaji siku akitaka mkopo wa gari au kupanga nyumba. Akiamua kuifunga hata hivyo, kwanza azitumie kupunguza deni pesa zote zilizokwisha kukusanyika, maana akifunga zikiwa bado humo anaweza kuzipoteza. Zile dola 95 za mwaka huu akiziokoa, ziongezwe kwenye zile 300 na zitumwe pamoja, ili fundi wa Ujiji awe ameezeka kabla mvua za Oktoba hazijaanza.